Bata wa Mama, Kuku wa Kukhu

Baba yangu alikufa chini ya trekta, akilima shamba la mtu mwingine upande wa barabara ya kwenda Suam. Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa shule ya msingi na mdogo wangu wa kiume ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Matanga yalipoisha na watu wakanyolewa, mama aliruhusiwa kwenda kwao Sirisia kuwasalimia wazazi wake. Alirudi Jumapili jioni na kikapu kichwani, akitembea kama mtu aliyebeba uji moto. Ndani, katikati ya makapi ya wimbi, mama yake alikuwa amempangia mayai ya bata.

Nyanya yetu, mama yake baba, alikuwa amesimama mlangoni kwake. Boma lilikuwa lake, nje kidogo ya mji wa Kitale, na hakuna mzigo ulioingia pale bila yeye kuufunua. Tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyowaita nyanya zao. Alichungulia kikapu, akanusa.

"Watu wanaenda kwao kulia, wanarudi na ng'ombe," alisema. "Wewe umerudi na mayai."

"Ni ya bata, Mama."

"Si naona. Bata. Kitu inatembea kama mlevi."

Hakuwahi kumwita mama yangu kwa jina lake, wala kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza. Alimwita "wa Sirisia", na baba alipokufa ndipo akazidi kulitamka vizuri, kila silabi peke yake.

Kukhu alikuwa mfugaji wa kuku hasa. Walilala jikoni kwake, wa madoadoa, weusi, wa kijivu, na asubuhi alipofungua mlango walitoka kama watoto wa shule. Hoteli moja mjini ilinunua majogoo wake. Mama hakuwa na hata kifaranga. Ilibidi apige magoti pale uani aombe kuku wa kumwatamisha mayai yake, na Kukhu akazungusha macho polepole mpaka akamwona kishingo mmoja, kuku asiye na manyoya shingoni, kidole kimoja kimepinda, ambaye wenzake walikuwa wakimfukuza kwenye chakula.

"Chukua huyo," akasema. "Hakuna mtu anamtaka."

Kuku huatamia wiki tatu. Bata wa kwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni, wanataka tano. Wiki ya tatu ilipopita Kukhu alianza kuja kila asubuhi nyumbani kwetu, anainama kwenye kona tulipoweka kiota, anauliza kwa sauti ya huruma ya uongo, "Bado?" Wiki ya nne alikuja na jirani yake wa kanisani wakacheka pamoja. Kishingo alikuwa amekonda mpaka kifua chake kilikuwa kama kisu. Mama alimpelekea mahindi yaliyovunjwa na maji palepale alipoketi, na kila jioni alichovya vidole kwenye maji ya uvuguvugu akayanyunyizia mayai, kwa sababu bata wa kweli hurudi kiotani na manyoya yenye unyevu na kuku hana unyevu huo. Mama yake ndiye aliyemfundisha.

Walianguliwa. Si wote, lakini wengi. Nilipotoka shule nilimkuta mdogo wangu amelala kifudifudi sakafuni, kidevu chini, akiwatazama bata wa manjano wakitoka mmoja mmoja chini ya tumbo la kishingo. Aliwapenda tangu saa ile. Alikuwa mtoto wa kukaa kwa Kukhu, alikula kwenye sahani yake na kupewa firigisi kama mtu mzima, lakini kwa sababu ya wale bata akaanza kushinda kwetu.

Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza na karibu na kisima palikuwa na dimbwi. Siku ya kwanza kishingo alipowatoa watoto wake kuchakura, waliliona dimbwi wakaliendea moja kwa moja wakaingia. Sijawahi kuona kiumbe akichanganyikiwa vile. Kuku alikimbia ukingoni huku na huku, mbawa zimeshuka, akilia, anatia mguu majini, anautoa, anakimbia tena. Bata wao walikuwa wakizama kichwa na kuibuka, raha mustarehe.

Kukhu alicheka mpaka akaketi chini. Aliwaita majirani. "Kujeni muone mama ya watoto!" Wakaja, na kila siku kukiwa hakuna mvua kubwa aliwafukuzia wale bata dimbwini kwa fimbo ili wageni wake waone kuku akihangaika. Mama alimwomba aache. Alimweleza kwamba bata mdogo aliyelelewa na kuku hana mafuta kwenye manyoya, mafuta hutoka kwa mama bata, kwa hiyo hulowa na kupata baridi. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake aliwafukuzia dimbwini mvua ikinyesha. Tulipoteza watatu usiku ule. Mama alikuwa amewapanga wote karibu na jiko, akawasugua kwa kitambaa, na mdogo wangu akalia mpaka akashikwa na kwikwi.

Kisha tukajua kwa nini watu husema bata na kuku wadogo wasiwekwe pamoja. Bata hawezi kunywa maji bila kuyachezea. Sahani ya maji ya vifaranga wa Kukhu ilikuwa uani, na bata wetu wakaipata. Walimwaga maji, wakapageuza mahali pale tope, na vifaranga wa Kukhu walilowa wakafa kwa baridi. Mama alikwenda kuomba msamaha. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kukhu alikuwa ameketi na jirani wa kanisani wakichambua maharagwe, na bata mmoja mdogo alikuwa ameingia mpaka miguuni pake kuokota maharagwe mabovu. Kukhu alimshika shingo akamrushia mbwa. Akajipangusa vidole kwenye leso, akaendelea na maneno aliyokuwa akisema kuhusu mchango wa harusi. Mbwa hakutafuna mara mbili.

"Umesema nini, wa Sirisia?" aliuliza baadaye kidogo.

"Nimekuja kusema pole, Mama."

"Haya. Pole imefika."

Kutoka siku hiyo mama alijenga uzio wa mabua ya mahindi na fito nyuma ya nyumba yetu, akachimba shimo dogo la maji ndani yake, na bata wakakaa huko mbali na kuku. Walikua haraka. Mdogo wangu alikuwa akiwachunga kwenda mtoni Jumamosi kwa kijiti, wakimfuata kwa mstari, na Kukhu alimwona siku moja akamwita mbele ya watu.

"Mwanaume hachungi bata," alimwambia. "Unataka kutahiriwa na bata?"

Watu wakacheka. Mtoto akatupa kijiti. Hakwenda tena mtoni.

Dume mmoja alipokomaa alianza kuruka uzio akipanda kuku wa Kukhu. Dume la bata ni zito kuliko jogoo, na hushikilia kichwa cha jike kwa mdomo. Kuku mmoja mweusi alichanwa utosi. Mama, kabla hajaambiwa, alimshika yule dume, akamfunga miguu, akampelekea Kukhu amchinje kama fidia. Kukhu alimpokea na akamla, na neno la asante halikutoka.

Mwaka uliofuata, kiangazi cha Januari, Kukhu alinunua jogoo mkubwa mwekundu kwa wachuuzi waliotoka Suam. Alikuwa amemsifu siku mbili nzima kabla jogoo hajaanza kusinzia. Alisimama juani manyoya yamesimama, kinyesi cha kijani, kisha shingo ikajipinda mpaka akawa anatazama mbinguni na kurudi kinyumenyume. Akafa. Wakafuata wengine. Wiki hiyo sikumbuki kitu kingine ila Kukhu akiwatoa jikoni kila asubuhi kwa karai, miguu juu. Majirani nao walipoteza. Kishingo alikuwa bado analala kwenye uzio wa mabua pamoja na bata aliowalea, ingawa walikuwa wakubwa kumliko na hawakumjali. Naye shingo yake ikapinda. Mama alimzika chini ya mgomba.

Bata hawakuugua. Hata mmoja. Walikuwa wanene, weupe, wanaota jua kando ya shimo lao, na hilo ndilo lililotuponza.

Afisa wa mifugo alikuja kwa pikipiki akamtazama kuku wa mwisho.

"Hii ni kideri, mama," alimwambia Kukhu. "Hakuna dawa ikishaingia. Kuku wanachanjwa mapema."

"Na hizo bata, mbona hazifi?"

"Bata anaweza kubeba ugonjwa bila kuugua. Lakini mara nyingi unakuja na kuku wa sokoni, au..."

"Mmesikia!" Kukhu alikuwa ameshageuka kutuangalia. "Si mmesikia kwa masikio yenu? Bata."

Afisa alijaribu tena. Kukhu alimshukuru, akampa ndizi, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki yake. Aliporudi mama alikuwa amesimama palepale. Miaka yote mama hakuwahi kumjibu. Siku ile alisema, polepole, "Mama, jogoo wa Suam ndiye alianza."

Kila mtu pale alijua ni kweli. Ndugu mdogo wa baba, aliyekuwa na nyumba yake ndani ya boma lile, alikuwa akitazama viatu vyake. Jirani wa kanisani alikuwa akitazama juu.

"Unaniambia mimi ndiye niliua kuku zangu?" Kukhu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ulikuja hapa, mtoto wangu akakufa. Umeleta bata, kuku zangu zimekufa. Bado nini, wa Sirisia? Bado mimi?"

Jumamosi aliita watu wa ukoo wa karibu. Alisema bata wote wachinjwe siku hiyo, na kwa sababu hakuna ugonjwa katika nyama iliyopikwa, waliwe. Baba mdogo alichukua kisu. Kukhu akamnyang'anya.

"Mwenye nyumba hii ya wa Sirisia amelala pale," alisema, akionyesha kaburi la baba kwa kidevu. "Amebaki huyu." Akamwekea mdogo wangu kisu mkononi.

"Mama, ni mtoto," mama alisema. "Nipe mimi. Nitawachinja wote mwenyewe."

"Wewe shika miguu."

Akashika miguu. Sijui angefanya nini. Nimekaa na swali hilo nikiwa mtu mzima na nimeshindwa kulijibu. Mama alikaa chini kwenye majani, akamkalia bata mbawa, akamshika miguu, na mdogo wangu akapiga magoti mbele yake na kisu kilichokuwa butu. Bata wa aina ile hawana sauti ya kupigia kelele. Huvuta pumzi tu, hhh, hhh, kama mtu anayepuliza moto uliokataa kuwaka. Wa kwanza alichukua muda mrefu. Mtoto alikuwa analia na pua imejaa, na Kukhu alimwambia kwa upole mkubwa, "Kaza mkono, baba. Kaza." Wa pili alikuwa rahisi zaidi. Kufikia wa mwisho alikuwa hajalia kitambo, na kila alipomaliza mmoja alimtazama Kukhu, naye Kukhu akatikisa kichwa kumkubali. Hakumtazama mama, ingawa nyuso zao zilikuwa karibu kugusana.

Manyoya ya bata hayakubali maji ya moto kama ya kuku. Mama aliyanyonyoa peke yake mpaka vidole vikavimba. Akapika. Watu walipoketi kula, Kukhu alimjazia sahani akamwekea mapajani.

"Kula. Ni bata zako."

Mama alikula. Nami nilikula. Nyama ilikuwa tamu, yenye mafuta, na hatukuwa tumeonja nyama tangu Krismasi.

Asubuhi mama alifunga nguo zetu katika leso mbili. Kukhu alimkuta mlangoni na hakuonekana kushangaa. Nadhani alikuwa akiingoja asubuhi ile tangu baba azikwe.

"Msichana nenda naye," alisema. "Huyo ataolewa, ni wa watu. Kijana ni wa hapa."

"Ni mtoto wangu, Mama."

"Ulizaa. Nani amekataa? Ulizalia boma hii."

Mdogo wangu alikuwa kando yake, na mkono wa Kukhu ulikuwa juu ya shingo yake. Alikuwa anamaliza paja la bata lililobaki jana. Mama alichuchumaa akanyoosha mikono. "Kuja, baba. Kuja twende kwa kukhu wa Sirisia."

Akatafuna, akameza. "Mimi ni wa hapa," alisema.

Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye lango, si kwa ubaya, alikuwa amesimama tu. Tukatoka.

Sirisia hatukukaa. Kaka zake mama walikuwa wamegawana shamba na hawakutaka mwanamke aliyerudi. Tukaenda Kanduyi, tukapanga chumba kimoja, mama akawafulia watu nguo, kisha akauza githeri ya mahindi na maharagwe kando ya barabara, kisha mwenye nyumba, mzee mjane, akamruhusu kutumia ploti ya nyuma. Akaanza tena kufuga, kuku na bata pia. Nilidhani hatawagusa tena bata, lakini aliwafuga kwa ustadi mkali. Bata upande mmoja, maji yao katika gurudumu la gari lililokatwa katikati, vifaranga wa kuku upande wa pili pakavu. Dume la bata halikufika miezi sita bila kuuzwa. Kuku walitiwa chanjo jichoni, kila mmoja, na ambaye hajachanjwa hakuletwa ndani ya uzio hata akiwa zawadi.

Bata mdogo aliyezaliwa dhaifu hakuhangaika naye. Zamani angemweka karibu na jiko. Sasa alimgeuza shingo kwa vidole viwili huku akiongea na mteja, akamtupa upande, akaendelea kumwaga chakula. Wanawake wa ploti walimwogopa kidogo. Watoto waliomwomba bata wa kuchezea aliwaambia, "Utamlilia," akawafukuza.

Kila mwaka alituma ujumbe Kitale kwa watu waliokuwa wakisafiri, pamoja na shati au daftari. Jibu halikuja. Mara moja shati lilirudi.

Katikati ya miaka ya tisini mdogo wangu alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimekuja kumtembelea mama kutoka nilikoolewa, na nilimwona kijana mrefu akisimama kando ya gurudumu la maji ya bata, na kabla hajageuka nilijua ni mabega ya baba. Mama alitoka na sufuria mkononi. Walisalimiana kwa mkono, kama wageni. Mama aliingia jikoni, na nilisikia akivunja kuni nyingi kuliko zilizohitajika.

Alimpikia kuku. Alikula kila kitu, hata mifupa aliivunja. Mama alikaa kwenye kiti cha mbali akimtazama anavyotafuna. Alipomaliza, akanawa, akasema alichotumwa.

Kukhu alikuwa amepooza upande mmoja. Hawezi kugeuka wala kwenda choo. Mke wa baba mdogo amekataa kumshika, mabinti wa Kukhu wako mbali walikoolewa. Watu wa ukoo wamekaa wakaonelea kwamba mke wa marehemu bado ni mke wa boma, mahari haikurudishwa, na kazi ya kumwogesha ni yake.

"Wameonelea," mama alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe je?"

Alifikiri. "Mimi nimetumwa tu."

Mama alingoja. Kuku walikuwa wakipanda juu ya fito kulala, wakisukumana.

"Waambie nimekataa," mama alisema.

Kijana alimtazama kwa mara ya kwanza vizuri, na nikaona hakuwa ametarajia. Pengine alikuwa ameambiwa kwamba wa Sirisia huinama ukimsukuma. Akasimama, akashukuru kwa chakula, akaniaga mimi, akatoka. Mama hakumsindikiza. Alichukua sahani yake akaiosha, akaikausha, akaiosha tena.

"Kwa nini, Mama?" nilimuuliza. "Ungemwona kila siku huko. Ungekaa naye."

"Amekuja saa saba," alisema. "Amekaa mpaka sasa. Hakuniita mama hata mara moja. Angeniita, ningeenda kumwosha yule mwanamke mpaka afe."

Kukhu alifariki wakati wa mvua. Inasemekana alikuwa na vidonda mgongoni, na siku za mwisho alikuwa analala peke yake jikoni kwa sababu ya harufu. Mama alipopata habari alikuwa anachagua mayai. Alinipa sukari, majani ya chai na leso mpya, akaniambia niende kuzika, na kwamba yeye ana vifaranga wa siku mbili na hawezi kuwaacha.

Boma nililipata limejaa watu. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akipanga viti na kuwaelekeza wazee pa kuketi. Alikuwa amevaa koti kubwa na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliponiona alikuja mpaka karibu, akaangalia nyuma yangu, njiani.

"Yeye hakuja?"

"Hakuja."

"Basi," alisema. Akachukua viti viwili, kimoja kila mkono, akaenda kuviweka karibu na kaburi jipya.